SIMU INAVYOWEZA KUMSAIDIA MWENYE BARIDI YABISI



Sisi watu wa pwani tumefundishwa adabu ya salamu. Mtu akikuuliza, "Hujambo?" unajibu, "Sijambo." Unajibu hivyo hata kama usiku kucha hukulala kwa maumivu. Salamu si mahali pa kumwaga shida. Ni adabu nzuri, wala hatusemi iachwe. Lakini kuna mahali pamoja ambapo adabu hiyo inaweza kumponza mtu. Mahali hapo ni mbele ya daktari.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi katika delta ya Rufiji. Analima mpunga, anasuka mikeka, tena anapiga kafi kama mwanamume. Viungo vya mikono yake vimeanza kuvimba, naye amepangiwa kwenda kliniki. Anangoja maji yajae, anapanda mashua mpaka Nyamisati, anashika gari mpaka Bungu, kisha Kibiti, au pengine mpaka Dar es Salaam. Kwa kuwa safari ni ndefu, asubuhi amemeza vidonge vya maumivu. Anapoingia kwa daktari, mikono imetulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, sijambo kidogo."

Daktari anaandika: anaendelea vizuri. Mama anarudi na dawa zile zile. Siku tatu baadaye hawezi hata kufunga kanga yake.

Je, nani amekosa? Daktari ameandika alichoambiwa. Mama amejibu kwa adabu. Kilichokosekana ni habari za siku zile nyingine zote, ambazo daktari hakuwapo. Leo tunaeleza jinsi simu ya mkononi, na hata daftari la kawaida, linavyoweza kuzileta habari hizo mbele ya daktari.

UGONJWA HUU NI UPI?

Baridi yabisi ni ugonjwa wa viungo. Jina lake linatufanya tudhani kuwa unaletwa na baridi, au na kusimama majini wakati wa kupanda mpunga. Sivyo. Unatokana na kinga ya mwili kukosea njia.

Kila mtu ana kinga mwilini mwake. Kazi yake ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Sasa fikiri juu ya mlinzi aliyepanda dungu shambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Usiku mmoja anashuka, anawaacha nguruwe, anaanza kumpiga mwenye shamba. Ndivyo inavyofanya kinga ya mtu mwenye baridi yabisi. Inavishambulia viungo vya mwili wake mwenyewe. Viungo vinavimba, vinapata joto, vinauma.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Kati ya kila wagonjwa 10, wapatao 7 ni wanawake. Kwa hiyo mgonjwa asidhani kuwa amerogwa, wala asione haya. Ana wenzake wengi.

SI KILA MAUMIVU NI BARIDI YABISI

Hapa lazima tuwe waangalifu. Viungo huuma kwa sababu nyingi.

Kuna maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa umri na kazi. Hayo huzidi mtu akifanya kazi, na hupungua akipumzika. Asubuhi viungo hukakamaa kidogo, lakini kwa kawaida nusu saa haipiti kabla havijalegea.

Kuna jongo. Hilo mara nyingi huanza ghafla, tena usiku, katika kidole gumba cha mguu.

Kuna chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Ulitambuliwa mara ya kwanza hapa hapa nchini, katika nyanda za Wamakonde, mwaka 1952. Jina lake ni la Kimakonde, maana yake ni kujikunja. Huanza na homa kali, na maumivu ya viungo yanaweza kubaki wiki nyingi au hata miezi.

Baridi yabisi ina dalili zake. Hupenda viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono. Mara nyingi hushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Asubuhi viungo hukakamaa kwa muda mrefu, pengine saa nzima au zaidi. Mgonjwa huchoka hata kabla ya kazi. Tena uvimbe hauondoki. Unakaa wiki sita au zaidi.

Ukiona dalili hizo, nenda zahanati au kituo cha afya ili upelekwe hospitali. Hakuna simu inayoweza kukuambia ugonjwa wako ni upi. Hiyo ni kazi ya daktari, kwa kukupima kwa mikono yake na kupima damu.

KWA NINI TUSICHELEWE?

Kiungo kilichovimba kinaweza kupona. Kiungo kilicholiwa mfupa hakirudi kama zamani. Vidole vinapinda, na mkono uliokuwa unashika jembe unashindwa kushika kikombe. Uharibifu huo unaweza kuanza katika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana madaktari wanataka mgonjwa aanze dawa inayofaa mapema, ikiwezekana kabla ya miezi mitatu kupita tangu dalili zianze.

Jamani, vidonge vya maumivu vya dukani haviuzuii ugonjwa huu. Vinauficha tu. Maumivu yanatulia, huku mfupa unaendelea kuliwa. Tena diklofenaki, ikinywewa ovyo kwa muda mrefu, inaweza kuchoma tumbo na kudhuru figo.

SIMU INAFANYA NINI?

Kuna programu zinazowekwa katika simu janja kwa ajili ya wagonjwa wa viungo. Programu ni maelekezo yaliyotiwa ndani ya simu ili iweze kufanya kazi fulani. Hii tunayoisemea kazi yake ni kuuliza na kukumbuka.

Kila siku, au kila wiki, simu inauliza: Leo maumivu ni kiasi gani, kutoka 0 mpaka 10? Asubuhi ulikakamaa dakika ngapi? Viungo gani vimevimba? Ni kazi gani imekushinda? Umemeza dawa? Mgonjwa anajibu kwa kubonyeza. Baada ya miezi, simu inachora mstari. Mstari ukipanda, maumivu yamezidi. Ukishuka, yamepungua. Daktari akiutazama mara moja tu, anaona miezi yote mitatu.

Huko Manchester, Uingereza, watafiti walijaribu jambo hili katika miaka ya 2010. Wagonjwa 20 wa baridi yabisi waliandika hali zao katika simu kwa muda wa miezi mitatu, na habari zile zikaingia moja kwa moja katika kumbukumbu za hospitali. Kumbe kulikuwa na siku mbaya ambazo wagonjwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuzisahau! Mstari uliwakumbusha, wakaweza kuzieleza.

Huko Amsterdam, Uholanzi, walijaribu jambo jingine, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2022. Wagonjwa zaidi ya 100 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikwenda kliniki kama kawaida. Kundi la pili lilijaza majibu katika simu kila wiki, na kwenda kliniki pale tu ilipohitajika. Baada ya mwaka mmoja, kundi la pili lilikuwa limekwenda kliniki mara chache zaidi, pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Na hali ya viungo vyao haikuwa mbaya kuliko ya wenzao.

Mtu wa delta ataelewa haraka faida yake. Safari moja iliyopungua ni nauli iliyobaki mfukoni, na siku ambayo shamba halikuachwa kwa nyani. Lakini tusisahau: wagonjwa wale walikuwa wamekwisha kutulia kwa dawa, na hospitali ilikuwa inasoma majibu yao.

JE, HALI YA HEWA?

Wazee wengi husema magoti yao huijua mvua kabla haijanyesha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliamua kulipima jambo hili kwa simu. Watu zaidi ya 13,000 wenye maumivu ya muda mrefu walijiandikisha kujaza hali zao kila siku, na simu ikaandika hali ya hewa ya mahali walipo. Majibu ya watu 2,658 ndiyo yaliyochambuliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Siku zenye unyevu mwingi hewani na upepo mkali, maumivu yalizidi kidogo. Baridi yenyewe haikuonekana kuwa sababu.

Kwa hiyo wazee hawakukosea sana. Hewa inaweza kuongeza maumivu kidogo, lakini haileti ugonjwa. Siku ya upepo mwanga'mtu asiache dawa yake akidhani ni hewa tu.

NA HUKU KWETU?

Huenda msomaji anasema, "Hayo ni ya Ulaya. Mimi nina kitochi tu, na mtandao mpaka nipande juu ya kichuguu." Ni kweli. Programu hizo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na zinataka simu janja na bando.

Lakini kujifunza afya kwa chombo kilichopo si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Hata kitochi kimekwisha kufanya kazi kubwa. Mwaka 2009 vituo vya afya 129 katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga vilianza kutuma kila wiki, kwa ujumbe mfupi, idadi ya dawa za malaria zilizobaki. Vituo visivyo na dawa vikapungua. Mwaka 2012 ukaanza mpango wa Wazazi Nipendeni, ambao uliwapelekea wajawazito ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kliniki. Hakuna aliyehitaji simu ya gharama.

Na hapa petu Rufiji, wakati Kibiti bado ni sehemu ya wilaya hiyo, watu wanakumbuka kazi iliyoanza mwaka 1998. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vilivyochaguliwa, kila baada ya miezi minne. Waliandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Hesabu zile ziliwaonyesha viongozi wa afya magonjwa yanayoua watu zaidi, wakajua fedha ziende wapi. Kitu kinachoandikwa mara kwa mara husema mambo ambayo jicho la siku moja haliyaoni.

Kuhusu viungo vyenyewe, mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa hospitali ya KCMC ya Moshi, walikwenda nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, kuwachunguza watu maumivu ya viungo. Maswali ya kwanza ya uchunguzi wa namna hiyo ni mepesi. Je, una maumivu au kukakamaa kwa misuli, viungo au mgongo? Je, unaweza kuvaa nguo mwenyewe bila shida? Je, unaweza kupanda na kushuka ngazi bila shida? Hebu jiulize na wewe.

TUANZE NA DAFTARI

Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuanza leo. Chukua daftari. Piga mistari. Kila siku, wakati ule ule, andika mambo manne.

Kwanza, maumivu, kutoka 0 mpaka 10. Sifuri maana yake siumwi. Kumi maana yake siwezi kuvumilia.

Pili, dakika ulizokakamaa asubuhi, tangu kuamka mpaka vidole vilipolegea.

Tatu, viungo vilivyovimba. Madaktari huhesabu viungo 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, viungo vya vidole vya mikono 20, na magoti 2. Jumlisha uone. Nyayo hazimo katika hesabu hiyo, lakini zikivimba ziandike pembeni.

Nne, dawa: umemeza au hukumeza.

Daftari la yule mama wa mfano wetu lingekuwa hivi:

Jumanne: maumivu 4, dakika 40, viungo 3, dawa ndiyo.
Jumatano: maumivu 6, dakika 90, viungo 5.
Alhamisi: maumivu 7, dakika 120, viungo 6.
Ijumaa: maumivu 7, dakika 120, viungo 6.
Jumamosi: maumivu 6, dakika 90, viungo 5.
Jumapili: maumivu 5, dakika 60, viungo 4.
Jumatatu (kliniki): maumivu 2, dakika 30, viungo 3. Nimemeza vidonge vya maumivu.

Daktari aliona Jumatatu peke yake, yaani 2. Lakini siku nne kati ya saba maumivu yalikuwa 6 au zaidi. Angeliona daftari hili, asingeandika kuwa anaendelea vizuri. Angeuliza zaidi, na pengine angebadili dawa.

Mwenye kitochi anaweza kuandika mambo hayo hayo kama ujumbe, akauhifadhi. Anaweza pia kumtumia mhudumu wa afya, ikiwa wamekubaliana. Kukubaliana ni muhimu. Ujumbe usio na msomaji ni sawa na maandishi ya mchangani. Maji yakijaa yanafuta. Uliza kliniki: nani atasoma, na siku gani?

Asiyeweza kushika kalamu kwa sababu ya vidole amwombe mtoto au mjukuu aandike. Yeye ataje namba tu.

KENGELE YA SIMU NA DAWA YA WIKI

Dawa moja inayotumika sana kwa baridi yabisi huitwa methotrekseti. Tafadhali someni hapa polepole. Kwa ugonjwa huu, dawa hii humezwa SIKU MOJA TU KWA WIKI. Haimezwi kila siku. Duniani kuna watu waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Chagua siku, kwa mfano Ijumaa, uiandike kwenye pakiti. Tega kengele ya simu ilie siku hiyo peke yake. Hata kitochi kina kengele.

Dawa hii huanza kufanya kazi polepole, baada ya wiki nyingi. Usiiache kwa kuona kimya. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara ili kuangalia ini na chembe za damu. Mwanamke mjamzito, au anayetaka kupata mimba, asiimeze kabisa, kwa kuwa inamdhuru mtoto tumboni. Azungumze na daktari mapema, apewe nyingine. Tena mtu asimgawie jirani dawa yake, hata kwa huruma.

SIKU AMBAYO DAFTARI HALITOSHI

Usingoje siku ya kliniki ukiona mojawapo ya haya. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto, na una homa. Unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami. Unatumia methotrekseti na umepata homa, vidonda mdomoni, kutokwa damu, au shida ya kupumua. Hapo acha kuandika. Tafuta chombo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya siri. Habari za ugonjwa wako ni mali yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Programu ikitaka jina lako, namba zako na picha zako, uliza kwanza zinakwenda kwa nani. Na yeyote anayekuuzia dawa ya kuponya baridi yabisi kwa siku saba kupitia simu, mwache apite. Mpaka leo ugonjwa huu unatulizwa kwa dawa na kufuatiliwa.

Basi, ndugu wasomaji, njiani tuendelee kusalimiana vizuri. Jirani akiuliza, "Hujambo?" jibu, "Sijambo." Lakini mbele ya daktari fungua daftari, au washa simu, umwambie: "Mwanangu, soma hapa kwanza."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Baridi yabisi inatofautianaje na maumivu ya viungo vilivyochakaa?
2. Kwa nini daktari hakuweza kuujua ukweli wa yule mama kwa kumtazama siku moja?
3. Piga mistari katika daftari lako, uandike hali yako ya leo kwa mambo manne tuliyotaja.
4. Methotrekseti humezwa mara ngapi kwa wiki? Utajikumbusha kwa njia gani?
5. Katika kijiji chenu, ni nani anaweza kupokea na kusoma ujumbe wa mgonjwa aliye mbali na kliniki?